Uboho ni wa dada, mbona kinga si ya dada?

Swali, kutoka kwa mama mmoja wa Katuba, Lubumbashi:

"Dokta, jambo. Mtoto wangu wa kiume, miaka 9, alikuwa SS, yaani selimundu. Tulimpeleka India, akawekewa uboho wa dada yake wa miaka 14. Namshukuru Mungu, tangu hapo hajalia tena na mifupa, hajaongezewa damu. Sasa tuko mwezi wa nane tangu awekewe. Barua tuliyorudi nayo inasema chanjo zake zote zianze upya kama mtoto mchanga. Kambo yake (mzazi wa mzazi wake) anauliza: kama damu sasa ni ya dada, na dada alichanjwa zote, mbona mtoto hana kinga ya dada? Kwenye karatasi ya labo IgG yake, ile ya kingamwili, ni 4.8, wameipigia alama. Mtu mmoja wa famasi anasema anaweza kututafutia serumu ya kuipandisha. Kwenye avenyu yetu kuna surua. Watu wa matone ya polio walipita, nikamficha mtoto. Nilifanya vizuri? Tena muuguzi alimpima grupu la damu akakuta O, wakati alizaliwa A. Nimechanganyikiwa."

Jibu:

Mama, jambo nawe. Nianze na matone, maana timu zinaweza kurudi wiki hii.

Ulifanya vizuri kutompa. Matone yale yana virusi hai vya polio vilivyodhoofishwa. Kwa mtoto mwenye kinga kamili vinazaliana kidogo tumboni, mwili unajifunza, kisha vinatoka na choo. Kwa mtoto aliyewekewa uboho miezi 8 iliyopita vinaweza kuendelea kuzaliana muda mrefu bila wa kuvizuia. Hata ile chanjo mpya ya polio aina ya 2 inayotumika katika kampeni zetu za Congo ni virusi hai, ingawa imeundwa ili isigeuke kirahisi. Yeye polio ataipata kwa sindano, ambayo virusi vyake vimeuawa. Ila kumficha chumbani si njia ya kudumu. Toka nje, mwonyeshe mkuu wa timu barua ya hospitali, mwambie huyu ana ruhusa ya daktari ya kutopewa. Wale vijana wanahesabu watoto, na mtoto asiyeeleweka atarudiwa kesho na kesho kutwa.

Watoto wengine wa nyumba hiyo nao ni swali. Aliyemeza matone hutoa virusi kwa choo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo waombee sindano badala ya matone ikiwezekana. Kama walishapewa, usigombane na mtu: sabuni kila wanapotoka chooni, na kwa wiki 4 hadi 6 wasioge naye beseni moja wala kulala naye kitanda kimoja.

Sasa swali la kambo, ambalo ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa na wanafunzi wa udaktari.

Kingamwili ni protini zinazoelea kwenye damu, kwenye mate, kwenye maziwa ya mama. Kila moja ina umbo la kushika kitu kimoja tu: hii inashika virusi vya surua, ile inashika sumu ya pepopunda, wala haziazimani kazi. Anayezitengeneza ni chembe B, mojawapo ya chembe nyeupe, ambayo huzaliwa ndani ya uboho. Siku ya kuzaliwa haijui lolote. Inatoka kwenye mfupa, inakwenda kukaa kwenye tezi za shingo, za kwapa, za kinena na kwenye wengu, inasubiri kukutana na kitu kinachoingia sawasawa kwenye kishikio chake. Wengi hufa hawajakutana na chochote. Yenye bahati ikikutana nacho, na ikipata idhini ya chembe T, ambayo ni chembe nyeupe nyingine, inaanza kugawanyika kwa kasi, inarekebisha kishikio chake kidogo kidogo mpaka kishike kwa nguvu, na kizazi chake kinagawana njia mbili. Wamoja wanakuwa chembe za kumbukumbu, wanazunguka mwilini wakingoja adui arudi. Wengine wanarudi ndani ya uboho na kuketi huko kama chembe plazma, ambazo kazi yake ni moja: kumwaga kingamwili usiku na mchana, baadhi yake kwa miaka mingi.

Madaktari wa India walichotafuta kwenye mfupa wa dada ni chembe mama, zile ambazo damu yote hutoka kwake. Chembe mama hazijawahi kukutana na surua wala pepopunda. Hazina habari ya chanjo yoyote. Dada alitoa mbegu, hakutoa mavuno, na mahindi yaliyopandwa Novemba hayaliwi Desemba. Kila chembe B itakayozaliwa kwa mwanao kuanzia sasa ina vinasaba vya dada, lakini inaanza maisha yake ndani ya mwili huu mwingine bila kujua kitu.

Kambo hajakosea kabisa, hata hivyo. Kwenye mfuko ule wa uboho, pamoja na chembe mama, zilivuka pia chembe za kumbukumbu za dada, na plazma kidogo, yaani maji ya damu. Imeonekana kwamba mtoaji akichanjwa kabla ya kutoa uboho, kwa mfano chanjo ya pepopunda au ya pneumokoki (bakteria wa nimonia), mpokeaji hupata kingamwili nyingi zaidi katika miezi ya mwanzo, hasa naye akichanjwa mapema. Kwa hiyo kuna urithi. Tatizo ni kwamba ni urithi mdogo. Chembe zinazovuka ni chache, zinafika kwenye mwili uliojaa dawa za kuzituliza zisimshambulie mtoto, na kumbukumbu isiyochokozwa na adui wake hufifia. Hakuna daktari makini atakayeutegemea peke yake.

Kuna upande mwingine wa hadithi ambao watu husahau: kinga ya mtoto mwenyewe, ile aliyoipata kwa chanjo zake za utotoni, haikufa yote siku moja. Dawa kali za kuandaa mwili upokee uboho mpya huua zaidi chembe zinazogawanyika. Chembe plazma za zamani hazigawanyiki, zimeketi tu kwenye kona za mfupa zikimwaga kingamwili, na baadhi yake hunusurika kwa miezi, hata zaidi ya mwaka. Ndiyo maana mtoto akipimwa kingamwili za pepopunda mwezi wa pili baada ya uboho mpya, huenda zikaonekana nzuri, na mzazi akauliza chanjo mpya ni za nini. Lakini waliozimwaga wanapungua na hawana warithi. Kingamwili za aina ya IgG zenyewe hupungua nusu kila baada ya wiki 3 hivi. Kadiri miezi inavyokwenda za kale zinaisha na mpya hazijatosha, na mwanao yuko katikati ya bonde hilo sasa hivi.

Kurudi kwa kinga kuna utaratibu wake. Nyutrofili, chembe nyeupe zile mlizokuwa mkihesabiwa kila asubuhi hospitalini, hurudi ndani ya wiki 2 hadi 4. Chembe B huanza kuonekana kwenye damu mwezi wa 2 au wa 3, na kwa watoto wengi idadi hufika kawaida kati ya mwezi wa 6 na wa 12. Hapo ndipo wengi hudanganyika, madaktari wamo. Idadi imerudi, wanadhani kazi imekwisha. Ukizitazama kwa mashine inayosoma alama za juu ya chembe, unakuta nyingi ni changa, ndiyo kwanza zimetoka kwenye mfupa. Zile zenye alama ya CD27, yaani zilizokwisha kukutana na adui na kufunzwa, ni chache hata baada ya mwaka mzima, na huchukua miaka 2 au zaidi kurudi vizuri.

Kingamwili zenyewe hufuata mstari uleule wa mtoto mchanga. IgM hutangulia, kwa kawaida mwezi wa 3 hadi wa 6, kwa sababu haihitaji msaada mkubwa wa chembe T. IgG huja nyuma yake, kati ya nusu mwaka na mwaka na zaidi, na ndani ya IgG kwenyewe kuna madaraja: ya 1 na ya 3 hufika kabla ya ya 2 na ya 4. IgA, inayolinda pua, koo na utumbo, huwa ya mwisho, pengine hata mwaka wa tatu. Kwa hiyo usishangae akipata mafua mara nyingi kuliko watoto wa jirani.

Hiyo IgG daraja la 2 nataka uikumbuke, kwa sababu kwa mtoto aliyekuwa SS ni habari kubwa. Bakteria kama pneumokoki, wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, wamevaa koti la sukari. Kulishika koti hilo kunahitaji IgG2 kwa sehemu kubwa, na kunahitaji wengu mzima. Wengu wa mtoto SS huharibika mapema, mara nyingi kabla hajaanza shule, kwa kuzibwa na chembe zilizopinda. Uboho mpya unaleta damu isiyopinda, lakini wengu uliokwisha kunyauka si lazima uamke; kwa wengine hurudi kufanya kazi, kwa wengine la. Mwanao ana milango miwili iliyo wazi kwa bakteria haohao. Penisilini ya kila siku aliyorudi nayo isiachwe kwa sababu "amepona SS". Na joto likifika nyuzi 38, hata usiku, hata kama anacheza, ni hospitali, si paracetamol kwanza tuone.

Chembe T nazo ndizo zinazochelewesha mengi. Chembe B haiwezi kutoka kwenye IgM kwenda IgG nzuri bila idhini yao, na chembe T mpya hufunzwa kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Thaimasi ya mtoto ni kubwa, ya mtu mzima imesinyaa, na hiyo ni heri ya mwanao: mtoto wa miaka 9 hujenga upya kinga yake vizuri kuliko baba wa miaka 40. Lakini angalia kama bado anameza siklosporini. Dawa hiyo kazi yake ni kuwanyamazisha hao hao wanaotoa idhini. Kwa ugonjwa wa SS mara nyingi huachwa ikiendelea kwa miezi mingi, kwa sababu hakuna saratani ya kufukuza na hakuna haraka ya kuiondoa. Wakiiondoa mapema uboho wa dada unaweza kukataliwa. Basi ukiona chembe B tele na IgG chini, kwa mtoto anayemeza siklosporini, hiyo ni picha niliyoitegemea.

Hapo tunafika kwenye 4.8 yako. Hicho ni kipimo cha gramu kwa lita. Kwa umri wake maabara nyingi huanza kawaida karibu na 6, na watu wa nchi zenye malaria kama yetu mara nyingi wako juu zaidi, kwa kuwa tunapigana na vimelea mwaka mzima. Kwa hiyo ndiyo, iko chini. Lakini watoto wengi wa mwezi wa nane wako hapo, na namba hiyo peke yake haimwiti mtu kwenye serumu.

Serumu ya imunoglobulini hutengenezwa kwa plazma ya maelfu ya watu, na sehemu kubwa yake ni IgG. Hutolewa kwa sababu mbili zikiwa pamoja: IgG imeshuka chini ya 4, na mtoto anapata maambukizi mazito yanayojirudia, nimonia juu ya nimonia. Mwanao, kwa ulivyoniandikia, hana la pili, na la kwanza hajalifikia. Kuitia serumu ili karatasi ya labo ipendeze ni kununua IgG ya watu wengine ambayo nusu yake itakuwa imekwenda baada ya wiki 3, na kuna dalili kwamba kuitia kwa muda mrefu bila sababu kunaweza kuuchelewesha mwili kutengeneza yake. Zaidi ya hapo ina hasara ambayo mtu wa famasi hatakuambia: itaharibu usomaji wa vipimo vyake na itachelewesha chanjo ya surua kwa miezi 8 au zaidi, kwa sababu kingamwili zilizomo zinakiua kirusi cha chanjo kabla hakijamfundisha mtoto. Chupa za kupita kwa mlango wa nyuma, tusizozijua zilikaa kwenye baridi gani toka kiwandani hadi Lubumbashi, sizitaki hata kwa mgonjwa anayezihitaji.

Kuhusu vipimo nitasema kidogo zaidi, maana hapa mjini tunapenda sana kupima. Viko vipimo vinavyomtafuta mdudu mwenyewe, na viko vinavyotafuta kingamwili za mgonjwa dhidi ya mdudu. Kwa mwanao, kwa mwaka mmoja au miwili, vya aina ya pili havina neno la kuaminika. Akipata homa ya siku nne na mtu akampima Widal, jibu likiwa hasi halimaanishi kwamba hana taifodi. Mwili wake huenda hauwezi kutengeneza kingamwili zinazotafutwa. (Widal hata kwa mtoto mzima mwenye afya mimi siiamini, lakini hilo ni ugomvi wangu wa zamani.) Mchukueni damu ioteshwe maabara, mdudu mwenyewe aonekane. Vipimo vya haraka vya Ukimwi na vya homa ya ini C vinatafuta kingamwili vilevile, kwa hiyo kwake kitafutwe kirusi chenyewe. Na kama amewahi kutiwa imunoglobulini, mambo hupinduka: kipimo kinaweza kusoma chanya kwa kingamwili za watu waliotoa plazma, na nimeona familia ikilia kwa karatasi ya homa ya ini B ambayo haikuwa ya mtoto wao. Malaria haina shida hiyo. Kile kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta protini ya kimelea, na goutte épaisse inamwona kimelea mwenyewe chini ya hadubini. Vyote viwili vinamfaa.

Malaria yenyewe msiidharau kwa sababu "amezaliwa hapa". Tunajua tangu 1961, kwa jaribio lililofanywa Gambia, kwamba kingamwili za watu wazima waliozoea malaria, wakitiwa watoto wagonjwa, vimelea vilipungua sana kwenye damu. Sehemu kubwa ya mazoea yetu na malaria ni kingamwili, na za mwanao zinakwisha pamoja na nyingine. Kwa msimu huu wa mvua mchukulie kama mgeni aliyeshuka jana kutoka nchi isiyo na mbu: chandarua kila usiku, kipimo kwa kila homa. Kama dada ni AS, yaani amebeba S moja tu, mwanao naye sasa ana damu ya AS, na hiyo humkinga kiasi dhidi ya malaria kali. Lakini hiyo ni kinga ya chembe nyekundu, kingamwili hazimo.

Sasa chanjo. Barua iliyosema zianze upya imesema kweli, ila kila chanjo ina saa yake. Zile ambazo mdudu wake ameuawa au ni kipande tu hazina hatari kwake, kinachotafutwa ni mwili kuwa na wa kuzijibu. Ya pneumokoki iliyounganishwa na protini ndiyo hutangulia, huanza mwezi wa 3, sindano tatu zikiachana mwezi mmoja mmoja. Imeunganishwa na protini makusudi, ili chembe T ziingie kazini na koti la sukari lipate jibu hata IgG2 ikiwa bado haijakomaa. Ile ya zamani ya sukari tupu haimsaidii mtoto katika mwaka wa kwanza. Kuanzia mwezi wa 6 huja dondakoo, pepopunda, kifaduro, Hib (bakteria mwingine wa homa ya uti wa mgongo), homa ya ini B na polio ya sindano. Mafua ya msimu, ikipatikana. Kama uko mwezi wa nane na hajaanza hata moja, anza sasa, usisubiri IgG ipande. Utapata kikwazo kimoja: kwenye kituo muuguzi wa PEV, mpango wa chanjo wa serikali, atatazama umri na kukuambia dozi hizi ni za watoto wachanga. Ana haki kwa kitabu chake. Nenda na barua, umwone daktari mkuu wa eneo la afya, na aina ya chanjo ya kifaduro na dondakoo ichaguliwe kwa umri wake wa miaka 9. Mwezi mmoja baada ya mfululizo kukamilika, ikiwezekana, apimwe kingamwili za homa ya ini B au za pepopunda. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko IgG ya jumla, kwa sababu IgG ya jumla inaweza kuonekana nzuri huku imetoka kwa familia chache tu za chembe B zinazomwaga kitu kilekile. Kupanda kwa kingamwili baada ya chanjo kunathibitisha kwamba kozi nzima, kutoka tezi hadi mfupa, inafanya kazi.

Chanjo za virusi hai zinangoja: surua, homa ya manjano, tetekuwanga. Si kabla ya miezi 24, awe ameacha dawa za kushusha kinga, na uboho wa dada usiwe unamshambulia ngozi, ini au utumbo. Kwenye mlipuko wa surua mwongozo huacha mlango wa kufikiria kuanzia mwezi wa 12, kwa uamuzi wa timu iliyompandikiza, baada ya kuona vipimo. BCG, ile ya kifua kikuu, asipewe tena. Kampeni ya kipindupindu ya kumeza ni bakteria waliouawa, haina shida. Ya mpox uliza jina la chanjo kabla hajanyoosha mkono, kwa kuwa iliyotoka Japani, LC16, ni ya virusi vinavyozaliana na haimfai.

Basi afanye nini na surua iliyo kwenye avenyu? Ugonjwa huu hatuuchezei hapa nchini; mlipuko ulioanza 2019 uliua zaidi ya watu 6,000 Congo, wengi wao watoto. Na una tabia mbaya kwa mtoto wa aina yake. Mwaka huohuo watafiti waliopima damu za watoto 77 wa Uholanzi wasiochanjwa, kabla na baada ya surua, walitangaza kwamba imefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mwanao ndiyo kwanza ameanza kujikusanyia.

Kinga yake kwa sasa ni ya watu wanaomzunguka. Dada, wadogo, wewe, baba, dada wa kazi: asiyejua kama alichanjwa surua achanjwe. Kirusi cha chanjo ya surua, tofauti na matone ya polio, hakimfikii mtoto kutoka kwa ndugu aliyechanjwa. Kanisani, sokoni na kwa mazishi asipelekwe wakati ugonjwa unatembea. Ikitokea amekaa chumba kimoja na mtoto aliyethibitika kuwa na surua, hesabu siku: ndani ya siku 6 anaweza kutiwa imunoglobulini, na hapo ndipo serumu ile ina kazi ya kweli, hata kama IgG yake ni 8. Kwa hiyo kama una pesa uliyotaka kumpa mtu wa famasi, itunze, na kesho uulize hospitali kubwa mbili za mji ni ipi inayoweza kuipata kwa haraka. Kuuliza siku ya tano kutakuwa ni kuchelewa.

Na grupu. Muuguzi alisoma vizuri. Chembe nyekundu hutoka kwenye uboho, uboho ni wa dada, dada ni O, basi mtoto amekuwa O. Mwaka 1968 huko Minnesota, Robert Good na wenzake walimwekea mtoto wa miezi 5 aliyezaliwa bila kinga uboho wa dada yake, na yeye pia alitoka A akawa O. Aliweza kutengeneza kingamwili, akakua akawa mtu mzima. Kilichomshangaza muuguzi wako nadhani ni upande wa pili wa kipimo. Mtu wa O wa kuzaliwa ana kingamwili dhidi ya A na dhidi ya B. Mwanao atakuwa nazo dhidi ya B tu. Chembe B za dada zinazozaliwa ndani yake zinakuta A imeandikwa kwenye ngozi ya mishipa, kwenye utumbo, kila mahali ambapo si damu, zinajifunza kwamba ni ya nyumbani na haziigusi. Maabara isiyojua historia itaona O isiyo na kingamwili za A, itadhani imekosea, itarudia, na kama kuna dharura itapoteza saa nzima.

Ndiyo maana naomba daktari wenu amwandikie karatasi moja kwa Kifaransa, yenye muhuri: tarehe ya kupandikizwa, grupu la zamani A, grupu la sasa O, chembe nyekundu apewe za O, plazma na chembe sahani (zinazogandisha damu) za A au AB, na timu ya India ipigiwe kabla ya kuongezewa kitu chochote pasipo dharura. Chini yake iandikwe kwamba amezuiwa chanjo za virusi hai, ikiwemo homa ya manjano, hadi daktari atakapoondoa zuio, maana mkisafiri tena mtaulizwa kadi ya njano uwanja wa ndege. Piga nakala tatu: moja kwenye begi lako, moja shuleni, moja kwa kambo.